Penseli ya Siku Saba

Wahenga hawakuwa na hospitali za ghorofa, lakini mgonjwa walimjua. Walimwona akijikuna chini ya shuka, akicheka na wageni, akisema hajambo, mpaka siku watu walipokuja kuosha maiti wakakuta donda lenye ukubwa wa sahani. Ndipo wakasema: mficha maradhi kifo humuumbua. Maana yake si ngumu. Ubaya unaoufunika hauponi kwa kufunikwa. Huoza pale pale chini ya kitambaa, na siku ya kufichuka hujichagulia wenyewe, wala hauulizi kama una nafasi. Wengi wetu huikariri methali hii shuleni tukapata alama zetu, kisha tukikua huenda zetu kufunika. Mmoja wetu ni huyu fundi.

Alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano katika wizara moja. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa chumba cha chini kabisa, ubavuni mwa jenereta, akitengeneza simu, redio na nyaya za jengo zima. Kuanzia katibu mkuu mpaka mfagizi walimwita Fundi, na ukitaja Fundi hakuna aliyeuliza yupi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Makarani walitaniana kwamba redio iliyokufa ikisikia viatu vyake kwenye ngazi huanza kukoroma yenyewe. Hakuwa mlevi, hakuchelewa, na hakupenda maneno mengi. Watu waliudhani ukimya wake ni upole.

Ghorofa ya sita ya jengo hilo ilikuwa na chumba chenye mlango wa chuma na dirisha lililopakwa rangi. Humo ndimo ujumbe wa siri wa serikali ulimoingilia na kutokea. Mzee aliyekitunza alikuwa anastaafu, na alipoulizwa amwachie nani funguo, alimtaja Fundi bila kumeza mate. Habari hizo zilimfikia Fundi akiwa amelala chini ya meza ya mtu, bisibisi mdomoni. Alitoka chini ya meza akakaa sakafuni kwa muda. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote duniani, na si kwa sababu ya cheo. Alikitaka kwa sababu siku serikali itakapompa ufunguo ule, itakuwa imesema kwa kinywa chake yenyewe kwamba yeye ni mtu safi.

Maana hakuwa safi, na alilijua hilo kila asubuhi alipojitazama kwenye kioo. Alipokuwa na miaka ishirini, akiwa kibarua katika stoo ya simu, yeye na mwenzake walikata nyaya za shaba wakaziuza kwa muuza vyuma chakavu. Walikamatwa kabla ya wiki kwisha. Alifungwa miezi minane katika gereza lililo pembezoni mwa mji ule ule. Baba alikwisha kufa, mama alikuwa kitandani, na aliyemtembelea ni dada yake mkubwa peke yake, nesi kijana wakati huo. Kila Jumapili alikuja na kipande cha sabuni, maana sabuni ya gerezani ilikuwa hadithi tu. Fundi alipotoka alihamia mtaa wa mbali, akaliacha jina la baba yake na kubaki na la babu kwenye vyeti vyote vilivyofuata, akajifunza kazi upya na kuoa mwanamke aliyetoka mbali, mshonaji, ambaye aliambiwa kwamba miezi ile mumewe alikuwa masomoni. Na tangu hapo, miaka kumi na minane, hakupita tena barabara ya gereza. Kama safari ilimlazimu kuelekea upande ule, alizunguka.

Sasa mlango wa ghorofa ya sita haukufunguliwa kwa ufunguo tu. Ulihitaji kibali cha usalama. Kibali kilipitia upekuzi. Na upekuzi wa wizara ulikuwa mikononi mwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani ya kamba, ambaye watu wa varandani walimwita Mama Penseli. Jina hilo lilitokana na utaratibu wake. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na hakuruhusu mtu aijaze kwa kalamu ya wino siku ya kwanza. Alikupa penseli na kifutio, ukaenda nayo nyumbani siku saba. Ukirudi, ulikaa mbele yake ukainakili fomu nzima kwa wino, jibu kwa jibu. Kwa wiki nzima ungeweza kufuta, kuandika na kufuta tena, na hakuna ambaye angekuuliza.

“Penseli ni ya binadamu,” alimwambia Fundi siku alipomwita. “Wino ni wa serikali. Ukishafika kwenye wino, mimi sina msaada.”

Kisha akamshika mkono, akamchovya vidole kumi vyote kwenye wino mweusi, kimoja kimoja, akavikandamiza kwenye kadi. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Fundi alijikaza kisabuni. Alikwisha kusikia, miaka mingi nyuma, kwamba mwaka wa mafuriko stoo ya mahakama iliingia maji na majalada yote ya zamani yakawa uji. Habari hiyo alikuwa ameihifadhi moyoni kama hirizi. Hakuwahi kwenda kuihakikisha, kwa kuwa hirizi haifunguliwi.

Jioni hiyo aliifungua fomu mezani, mkewe akiwa amemgeuzia mgongo kwenye cherehani. Majina, shule, majirani, safari. Yote aliyajaza bila taabu. Swali la kumi na saba likamsimamisha. Liliuliza kama amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kufungwa kwa kosa lolote, mahali popote, wakati wowote, na chini yake kulikuwa na mistari sita mitupu ya kujieleza. Aliandika Ndiyo. Akaifuta. Aliandika Hapana, akaitazama. Hapana ilikuwa fupi na nadhifu, na haikuhitaji mistari yoyote.

Aliyejua habari za fomu ile kuliko wote jengoni ni Dereva, aliyeendesha gari la waziri. Kesho yake Dereva alikuja chumba cha chini kuchukua redio ya gari, na Fundi, akijifanya anapiga soga, akamuuliza swali la kumi na saba yeye alilijibuje. Dereva alicheka. Akamweleza kwamba zamani aliwahi kumgonga mtu barabarani akiwa amelewa; mtu yule alikufa, naye akafungwa miaka miwili. Yote hayo aliyaandika. Mistari sita haikumtosha, akaomba karatasi nyingine. Kibali chake kilichukua miezi minane, akaitwa mara nne, akaulizwa mpaka mambo ya ndoa yake, na wenzake wakamcheka kwamba ataishia kuosha magari. Mwisho wake ndiye huyo anayembeba waziri.

“Na ya kwako ni nini?” Dereva aliuliza.

“Sina,” Fundi alijibu, na akainamia redio.

Dereva hakuwa mtoto. Alichukua redio yake, akasimama mlangoni. “Kama ipo, kaka, iandike. Kuandika kunauma siku moja.”

Ungedhani hapo Fundi angepata akili. Lakini mtu akishaishi na uongo miaka kumi na minane huwa amekwisha kuuzalia watoto, na kuufukuza ni kuvunja nyumba. Fundi alifikiri kwamba akiandika Ndiyo, jambo lile litapanda ngazi ghorofa kwa ghorofa, litafika masikioni mwa makarani, litashuka tena, litaingia nyumbani kwake na kukaa pale kwenye cherehani ya mkewe. Alijiambia kwamba Dereva aliua kwa ajali, na ajali humpata yeyote, ila wizi ni wizi. Siku ya tano aliipitisha penseli juu ya Hapana ili iwe nyeusi zaidi.

Ilibaki karatasi moja. Fomu ilidai mdhamini mmoja, ndugu aliyemfahamu mwombaji tangu utotoni, na karatasi ya mdhamini iliapiwa mbele ya hakimu kabla ya kufungwa kwenye bahasha. Ilimtaka mdhamini aseme kama mwombaji amewahi kufungwa. Ndugu wa aina hiyo alikuwa mmoja tu aliyebaki hai.

Dada yake sasa alikuwa nesi mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali, mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Watoto wa nusu ya mji walipokelewa na mikono yake. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na wauguzi wadogo walikuwa wamekwisha kuanza kubishana nani atarithi kiti chake. Fundi alimkuta nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nesi aliisoma karatasi mara moja, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa kando yake. Alimuuliza mdogo wake kama swali hilo amelijibu Hapana, na Fundi akaitikia kwa kichwa.

Alimsihi aibadilishe. Alimwambia kwamba miaka ishirini ni utoto, kwamba alikwisha kulipa kwa miezi minane ya maisha yake, kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayemhukumu tena. Alimsihi kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kusema na mzazi anayeogopa kusukuma. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka hukosa usingizi: alipiga magoti sakafuni na kumtaja marehemu mama yao.

Nesi alitoa miguu kwenye beseni, akaanza kuikausha kwa kanga. Maji ya beseni yalikuwa yamekwisha kupoa.

“Nimekubebea sabuni miezi minane,” alisema mwishowe, “na sijawahi kukukumbusha. Sasa unataka nikubebee na uongo.”

“Mara hii tu, Dada. Sitakuomba kitu tena.”

Damu nzito kuliko maji, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuingia zamu, dada yule alikwenda mahakamani na sare yake nyeupe, akainua mkono mbele ya hakimu, akaapa kwamba mdogo wake hajawahi kufungwa.

Siku ya saba Fundi alikaa mbele ya Mama Penseli. Mezani palikuwa na fomu ya penseli, fomu mpya, kalamu ya wino, bahasha ya mdhamini ambayo bado ilikuwa imefungwa, na jalada jembamba la kahawia. Mama Penseli aliipitia fomu ya penseli ukurasa kwa ukurasa. Alipofika ukurasa wa tano alitua kidogo, akakisukuma kifutio kwa kidole mpaka kikafika upande wa Fundi.

“Kuna pa kufuta?” aliuliza.

“Hapana, mama.”

“Tazama vizuri. Sina haraka. Nimeahirisha hata chai.”

Fundi alitazama. Kifutio kilikuwa kidogo, kimeliwa pembe na watu waliomtangulia. Sijui wangapi waliokolewa nacho. Mkono wake ulikisogelea kifutio kile, ukaishia njiani, ukashika kalamu. Akanakili. Ilipofika zamu ya swali la kumi na saba aliandika Hapana kwa wino, na hati yake haikutetemeka, kwa kuwa alikuwa ameifanyia mazoezi.

Mama Penseli alisubiri amalize kurasa zote na kutia sahihi. Ndipo alipoifungua bahasha ya mdhamini, akaisoma, na uso wake ukasawijika. Alivua miwani.

“Huyu ni dada yako wa tumbo moja?”

“Ndiyo.”

“Masikini,” alisema, na Fundi akaelewa kwamba huruma ile haikuwa yake.

Mama Penseli akalifungua jalada la kahawia na kuligeuza ili Fundi asome. Juu kabisa palikuwa na kadi ya gereza, imekuwa njano lakini kavu kabisa. Majalada ya mahakama yaliliwa na maji kweli, ila kadi za vidole hazikuwahi kukaa mahakamani. Jina la baba yake lilikuwepo, lile alilolitupa, na chini ya jina palikuwa na vidole kumi vya kijana wa miaka ishirini. Mtu hubadili jina akipenda, lakini vidole hufuatana naye mpaka kaburini. Nyuma ya kadi palibanwa karatasi ya maelezo kwa hati ya Mama Penseli mwenyewe. Tarehe yake ilikuwa siku nne nyuma. Fundi aliisoma, akarudia kuisoma.

Iliandikwa: Kosa la ujana. Alitumikia adhabu yote. Hana kosa jingine tangu hapo. Halizuii kibali. Asubiriwe aseme mwenyewe.

Kutoka chini kabisa jenereta lilisikika likinguruma, lile lile alilokaa nalo ubavuni miaka kumi na mmoja.

“Kwa nini hukuniambia?” Fundi aliuliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

“Ningekuambia, ningepima nini?” Mama Penseli alijibu. Hakuwa na hasira. “Chumba kile kina siri za nchi. Mtu anayeficha donda, yeyote atakayeliona atamwamuru. Atamwambia nipe karatasi hii, la sivyo namwambia mkeo. Sikutafuta mtu asiye na donda, baba. Watu hao sijawaona. Nilitafuta mtu asiyelifunika.”

Fundi alinyosha mkono kwenye karatasi ya dada yake. Aliomba hiyo tu irudishwe. Yeye wamfanye wapendavyo. Mama Penseli aliiwekea kiganja. Ilikuwa na muhuri wa hakimu na namba ya kitabu cha mahakama, na nakala ilikwisha kubaki kule. Maji yakimwagika hayazoleki.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kibali kilikataliwa na Fundi akaachishwa kazi juma lile lile; akabeba bisibisi zake kwenye mfuko wa plastiki, na makarani waliomtania ngazini wakaona kazi za kufanya kwenye droo zao. Lakini fomu ya mwombaji haikuwa na kiapo, hivyo sheria haikuwa na zaidi la kumfanya. Aliyeapa ni Nesi. Aliitwa kutoka wodini, mama mmoja akiwa katikati ya uchungu, akamkabidhi mwenzake glavu na kutoka. Mahakamani Fundi alisimama bila kuitwa, akataka kusema kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha, na akaamriwa akae. Hakimu alimuuliza Nesi kama alijua kwamba anachoapia si kweli. Angeweza kusema alisahau. Miaka ni mingi. Alisema alijua. Hakimu, aliyeonekana kuumwa na hukumu yake mwenyewe, alisema kiapo cha mtumishi wa umma si mwiko wa ugali wa kuazimana majirani, akamfunga miezi minne. Kazi ikaenda, na mwaka ule mmoja uliobaki ukaenda nao. Nje ya mahakama Dereva, aliyekuja bila kualikwa, alimwekea Fundi mkono begani. Alisema neno moja la wahenga, kwamba mchuma janga hula na wa kwao, kisha akajuta kulisema.

Nyumbani, siku ile ile aliyoachishwa kazi, barua ya wizara ilikuwa imemtangulia. Mkewe alikuwa ameisoma, ameikunja, ameiweka juu ya cherehani, pale pale Fundi alipoogopa ingefika.

“Ungeniambia ulifungwa, ningelia siku moja,” alimwambia. “Sasa sijui nilie siku ngapi.” Hakufunga virago. Aliendelea kushona, ila tangu siku hiyo hakumuuliza tena mumewe anakokwenda wala alikotoka.

Jumapili ya kwanza baada ya hukumu ya dada yake, Fundi alinunua kipande cha sabuni. Alishika barabara ambayo hakuwa ameikanyaga kwa miaka kumi na minane, akaufuata ukuta mrefu mpaka langoni, akasimama kwenye foleni ya wake, waume na watoto wenye vifurushi. Sehemu ya wanawake ilikuwa upande wa kushoto, lakini lango lilikuwa moja. Askari aliyekaa mezani alimsogezea daftari kubwa na kalamu ya wino. Fundi aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu. Penye uhusiano aliandika: mdogo wake. Penye alichobeba: sabuni. Safu ya mwisho iliuliza kama mgeni amewahi kufungwa katika gereza hili. Aliandika Ndiyo. Mkono ulimtetemeka sana.

Askari alilisoma jibu, wala hakuinua uso.

“Pita,” alisema.

Ilikuwa hivyo tu. Fundi alisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yake akamgusa mgongoni. Ndani, nyuma ya wavu, dada yake alikuwa amekaa juu ya benchi na sare ya kaki, amevuliwa ile nyeupe aliyozeeka nayo. Miguu yake ilikuwa imevimba zaidi. Aliipokea sabuni kupitia tundu, akaishika kwa mikono miwili, na wote wawili wakaitazama kwa kuwa hawakuweza kutazamana.

“Langoni umeandika nini?” aliuliza.

“Nimeandika Ndiyo, Dada.”

Nesi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondoka juu ya kipande kile cha sabuni, naye hakuyafuta. Neno hilo moja lingetosha kwa penseli, siku yoyote kati ya siku saba. Sasa limeandikwa kwa wino, mahali ambapo halimsaidii mtu, na aliyeugua siye aliyezikwa. Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.